Kane Si Nane

Mbuba, Ngara
Jumapili, baada ya misa

Mayu, mama yangu mpenzi,

Mwangaluka mayu! Najua wifi Ng'wasi atakusomea haya jioni, ng'ombe wakishaingia zizini, lakini huku kwangu bado ni asubuhi, basi pokea salamu ya asubuhi hivyo hivyo. Na wewe wifi, soma polepole. Mara ya mwisho niliandika "nimeshiba", ukasoma "nimeshikwa", mayu akalala na njaa akidhani niko mahabusu. Ukifika kwenye neno usilolijua, lirudie, usilitungie jingine.

Macho yako yanaendeleaje? Ile dawa ya matone inakusaidia, au umeigawa kwa majirani kama kawaida yako? Mvua imefika? Baba ameacha kugombana na kaka Masanja juu ya yule dume? Nijibuni yote, msinijibu "huku wote wazima" halafu basi, maana jibu hilo halinishibishi.

Mimi ni mzima kabisa, tena nimenenepa hadi sketi ya bluu uliyonishonea imegoma kufunga. Ni ndizi hizi. Hapa Mbuba ndizi ni chakula, ndizi ni pombe, na Mama Anastazia, mwenye nyumba wangu, akinikuta nasonga ugali huniuliza kwa huruma kama naumwa. Nimeshazoea. Kihangaza nacho kinanipanda. Sokoni siku hizi hawanipunji maharage, na watoto wameacha kunifuata nyuma wakiniita Msukuma, au pengine wamechoka tu.

Wifi aliniandikia kwamba baba anawaambia watu mimi ni mpiga chapa, na wewe unawaambia ni nesi. Jamani! Mimi ni fundi wa kompyuta. Gari la shirika linanichukua asubuhi hapa Mbuba, linanipeleka kambini kwa wakimbizi wa Burundi, na jioni linanirudisha. Sichomi mtu sindano.

Sasa kaa chini, nina habari ya harusi. Si yangu, acha kupiga vigelegele! Ni harusi ya binti nisiyemjua kwa sura, imefanyika mbali na hapa, sikula hata punje ya wali wake, na ilibaki kidogo sana mimi na mwenzangu Leonidasi tuitie doa kwa neno moja.

Huyo Leonidasi ni mkimbizi. Alisomea kompyuta Bujumbura kabla vita havijamtoa, na sasa tunafanya kazi pamoja katika banda la turubai pale kambini. Ni mwembamba, ana maneno mengi, akicheka hucheka kwa pua. Na usianze, mayu. Ana mke, ana mapacha.

Ilikuwa hivi. Kompyuta yetu ilipata virusi (vya mashine, si vya watu, tulia) ikawa inazimika kila inapojisikia. Bosi akatuletea mfumo mwingine kwenye CD, mfumo wa bure, uliotengenezwa na watu wa nchi nyingi wasiofahamiana hata sura, huyu analeta kipande hiki, yule kile, kama mnavyolimiana ninyi huko kwa zamu. Ukitaka kumnakilia jirani, mnakilie, hakuna wa kukukamata. Niliupenda kabla sijauona.

Lakini kabla haujaingia kwenye mashine, mfumo huo unauliza maswali kuliko mshenga. Swali lake kubwa ni hili: diski, yaani ghala iliyomo ndani ya kompyuta, igawanywe vipi? Sehemu ya kwanza ni ya mfumo wenyewe. Ya pili ni ndogo, ya mashine kupumulia inapoelemewa. Ya tatu ni ya vitu vya watu, na hiyo, mayu, hata kwa Kiingereza inaitwa "nyumbani". Kila sehemu unaitajia ukubwa wake, na ukishakubali, ukuta umejengwa. Kuubomoa baadaye ni hatari, unaweza ukapoteza vyote vilivyomo. Wewe kazi hii unaijua. Kila mavuno nilikuona umesimama mbele ya mtama ukitenga, huu wa mbegu, huu wa kula, huu wa wageni, na ukishatenga mbegu, hata tulie namna gani huigusi.

Siku ya kuuweka, mashine ilikuwa imeletwa ofisini Ngara mjini, na mimi niko nayo. Leonidasi yuko kambini, gari hakuna, na anayejua kugawa ni yeye, mimi sikuwahi. Tukazungumza kwa simu ya upepo. Mayu, simu ya upepo unaijua? Mtu anaongea huko kama anakaanga mahindi. Mmoja akimaliza husema "ova" ili mwenzake aanze, na mkisema wote pamoja hakuna anayesikia.

Nikamwambia diski ni giga kumi. Giga ni kipimo chake, kama debe. Akasema sawa, anza na sehemu ya mfumo. Nikamuuliza niupe ngapi, ova. Kaanga, kaanga, kaanga, nikasikia: "Nane! Ova."

Nikashangaa. Kati ya kumi, nane! Mfumo gani mlafi hivi? Nikamuuliza tena kwa sauti ya kuitia ng'ombe, "Nane? Ova!" Akajibu, "Ndiyo, ndiyo, hiyo hiyo! Halafu pa kupumulia nusu, na nyumbani upe zote zinazobaki! Ova!" Basi, mimi nani hata nimbishie mtu wa Bujumbura? Nikaandika nane. Nikaandika nusu. Vitu vya watu vikapata kilichobaki, giga moja na kitu, nikabonyeza kukubali.

Na mashine ikakubali, ikawaka vizuri, ikawa nyepesi kuliko zamani. Tuliirudisha kambini kwa shangwe. Leonidasi aliizunguka akiipapasa, hakuuliza lolote juu ya ugawaji, maana si tulishaelewana?

Kazi tuliyoanza nayo ndiyo iliyonifanya nisitake kurudi huko upesi, mayu, nisamehe. Tulikuwa tunanasa sauti. Watu wa kambi hii wana ndugu zao kambi za Kibondo, na mkimbizi hatoki kambini bila kibali, na wengi hawajui kuandika. Zamani walitumia kaseti, lakini redio ya ofisi ilikuwa inakula mikanda. Sasa mtu anakaa mbele ya kipaza sauti, anasalimia watu wake, kompyuta inahifadhi, sisi tunanakili kwenye CD, gari likienda Kibondo linaipeleka. Wenzetu wa huko nao wana mashine, wanawasikilizisha wenyewe na kutuletea majibu.

Lo, ungewaona! Kuna mzee alivua kofia kukisalimia kipaza sauti. Kuna mama alikuja na kuku wake kwapani ili dada yake amsikie kuku, kwamba bado yupo, ni yule yule. Kuna kijana alikaa, akakohoa, akakohoa, akamaliza zamu yake yote kwa kukohoa, na siku iliyofuata akarudi kuomba aongezewe muda. Foleni ikawa inazunguka banda. Nilikuwa narudi Mbuba jioni nikiwa nimechoka mashavu kwa kucheka.

Katika foleni hiyo akaja Mama Spesioza. Ni mama wa umri wako, mfupi, mweusi wa kung'aa, anauza maandazi karibu na bomba la maji na anajua habari za kambi nzima. Binti yake, Konsolata, walipoteana siku ya kukimbia. Miaka ikapita, ndipo akapatikana Kibondo, mzima, mkubwa, na sasa amechumbiwa. Harusi Jumamosi. Mama akaomba kibali aende, kibali hakikupatikana. Akaja kwetu na kitenge kipya, akasema, "Mimi siendi. Sauti yangu itaenda. Kwetu binti haondoki nyumbani bila kupiga magoti na kutamkiwa baraka na mama yake. Mkiniangusha ninyi wawili, mwanangu ataingia kwa mume kama mtu aliyeokotwa."

Akapanga aje kunasa Alhamisi asubuhi, siku ambayo gari lingeondoka mchana. Mapema hakutaka. Alisema baraka si maandazi, haitakiwi ilale.

Alhamisi akaja amepaka mafuta, kilemba kimesimama. Nikamkalisha, nikamwekea kipaza sauti, nikabonyeza. Mashine ikaandika kwamba haina nafasi. Nikabonyeza tena. Haina nafasi. Mayu, moyo wangu ulishuka hadi kwenye kandambili. Sauti ya mtu ni kubwa kuliko barua yake, inakula ghala vibaya sana, na wote waliotangulia, na kofia zao na kuku wao na vikohozi vyao, walikuwa wamejaa humo nyumbani hadi mlangoni. Na sauti hizo hazikuwa zimenakiliwa bado, maana CD tupu zilikuwa zimeisha, imebaki moja tu tuliyomfichia Mama Spesioza.

Nje dereva keshaanza kufunga mizigo. Nikasema, hakuna njia, tufute sauti chache, wenyewe tutawaomba warudie wiki ijayo. Nilikuwa nimeshashika kipanya. Mama Spesioza akanishika mkono.

"Unafuta nini?"

Nikamweleza.

"Oya," akasema, yaani hapana. "Hao wamesimama juani. Humtoi mtu ili mimi niingie."

"Lakini mama, gari linaondoka!"

"Liondoke. Nikimbariki mwanangu kwa kumnyamazisha mwenzangu, baraka gani hiyo?"

Nikaanza kulia. Ndiyo, nililia, mbele za watu, wala wifi asiliruke hili. Nilimwona yule binti amepiga magoti mbele ya watu, anangoja, na hakuna sauti inayokuja.

Leonidasi alikuwa nje akitia mafuta kwenye jenereta. Kusikia kilio akaingia mbio, akakaa mbele ya mashine, akaandika maneno yake, ikamwonyesha kila sehemu ina ukubwa gani na imejaa kiasi gani. Akatoa macho.

"Minza. Nani aliupa mfumo nane?"

"Wewe!"

"Mimi? Mimi nilisema kane!"

"Ndiyo, nane."

"Kane!"

"Si ndiyo hiyo, nane!"

"Wewe mtoto wa watu, kane! Ka-ne!"

"Leonidasi, nilikuuliza mara mbili, nane, ukanijibu hiyo hiyo!"

Tukawa tunapigiana kelele kama majogoo wawili, kila mtu akisema neno lile lile na kumwona mwenzake kiziwi. Mama Spesioza alitutazama, huyu, kisha yule. Kisha akainua mkono wake, akakunja kidole gumba, akaninyooshea vidole vinne usoni.

"Kane," akasema taratibu.

Mayu, Kirundi cha nne ni kane! Na sisi Wasukuma nane ni inane. Leonidasi Kiswahili anakimwaga vizuri kuliko mimi, lakini ndiyo hivyo, mtu hata awe na lugha ngapi mdomoni, akihesabu hurudi kwa mama yake. Yeye alihesabu kwao, mimi nikasikia kwetu, na katikati yake ile simu inakaanga mahindi.

Wa kwanza kucheka alikuwa mama. Alicheka hadi kilemba kikalegea, anarudia, "Kane, nane, Yezu wanje!" Leonidasi naye pua ikaanza. Mimi nikacheka na machozi bado yananitoka. Dereva akapiga honi.

Ndipo Leonidasi akaitazama tena ile mashine. "Subiri. Mfumo umepewa nane, na umetumia mbili tu. Sita ziko tupu!" Tazama ujinga wetu, mayu. Mwenye nyumba amejinyoosha peke yake kwenye chumba kikubwa, wageni wamebanana kama kuku kwenye tenga, na sisi tunataka kumtupa mgeni nje. Kwa kawaida vitu vya watu haviwekwi upande wa mfumo, mashine inakataa. Lakini ukiingia kwa jina la mkuu wake na neno lake la siri, inakufungulia. Leonidasi akaingia kama mkuu, akatenga mahali upande ule, akaamuru sauti mpya ziende huko. Wala hakukuwa na ukuta wa kubomoa.

Akasema, "Haya mama, karibu chumba cha mwenyeji."

Mimi nikamkimbilia dereva. Nikamwambia, kaka, huyu mama anamwoza binti. Dereva ni Mhangaza, mtu wa hapa hapa Mbuba, hana haraka na mambo ya dunia isipokuwa misa. Akazima gari, akavua kofia, akaja kusimama mlangoni mwa banda.

Mama akafunga kilemba upya. Akafumba macho. Alianza kwa kumwita binti kwa majina yake yote, na la marehemu baba yake, na la bibi yake. Alisema kwa Kirundi, lakini kwa Kihangaza changu, kilicho ndugu yake, nilipata mengi. Alimwambia apige magoti sasa. Akanyamaza kumngoja apige. Kisha akaunyoosha mkono juu ya kipaza sauti, kabisa, kama juu ya kichwa cha mtu, akamtakia "urugo ruhire", yaani nyumba yenye heri, watoto, mvua, na siku ya kurudi kwao. Akamwonya asimwambie mume kila anachokiwaza. Akamsalimia mkwe na kumwambia kwamba yeye bado ana nguvu za mkono. Alipomaliza dereva akasema "Amina" kubwa, na imo kwenye CD hadi leo, hatukuiondoa.

Gari likaondoka limechelewa na hakuna aliyelalamika.

Siku zilizofuata nilikuwa na homa ya wasiwasi. Kama CD itakwaruzika? Kama mashine ya Kibondo itakataa kuisoma? Mama Spesioza yeye aliuza maandazi yake. Jumamosi yenyewe alivaa kitenge kile kipya, akakaa mbele ya nyumba yake tangu asubuhi, wanawake wakaja kukaa naye, na saa ya harusi ilipofika wakapiga impundu, ndiyo vigelegele vyao, kwa harusi wasiyoiona.

Jibu limekuja juzi. Nilimvalisha spika za masikioni, akazivua, akasema furaha haisikilizwi kwa siri, tukafungulia sauti banda zima. Kwanza ngoma. Kisha mtu akasema, sasa mama. Tukaisikia sauti ya Mama Spesioza ikitoka huko Kibondo, imeenda na kurudi, na hapo anapomwambia binti apige magoti, mayu, pakawa kimya, tukasikia nguo zikigusa ardhi. Watu wote wa harusi walinyamaza hadi "Amina" ya dereva, kisha impundu zikakaribia kuvunja spika yetu. Dereva alikuwepo. Amekuwa mtu wa kujisifu sana.

Mwisho kabisa ngoma zikaisha, akabaki Konsolata peke yake, karibu kabisa na kipaza sauti. Akasema, "Amahoro, mama?" Ndiyo salamu yao, yaani ni amani?

Akanyamaza.

Mama Spesioza akaitikia, "N'amahoro, mwana wanje." Ni amani, mwanangu.

Binti akauliza kifua cha mama, kilichokuwa kinamsumbua, kinaendeleaje. Akanyamaza tena, muda mrefu. Na mama akamweleza, ile dawa, ule usiku, yule daktari, yote, mbele yetu, anaiambia spika, na alipomeza mate baada ya neno la mwisho, binti akasema, "Ego, mama." Ndiyo, mama. Wakaenda hivyo hadi mwisho, huyu akiuliza na kungoja, huyu akijibu, na hawakugongana hata mara moja. Leonidasi anasema ni bahati tu. Mimi nasema yule mtoto anajua pumzi ya mama yake, hata baada ya miaka yote ile. Nilitoka nje, nikasimama nyuma ya banda, nikakuita wewe kwa sauti, mtu aliyepita akanitazama vibaya.

Diski tutaigawa upya CD tupu zikija na kila sauti ikishanakiliwa. Safari hii tutahesabu kwa vidole.

Nisalimie baba, mwambie mimi si mpiga chapa. Kaka Masanja, amwachie baba yule dume, hamwezi. Shangazi Kabula, aliyenilea nilipoumwa surua, mwambie ugoro wake nimeupata ila Leonidasi ameuiba. Bibi mzaa baba umwinamie sikioni umwambie jina langu, atacheka. Wifi Ng'wasi, koo limekauka, pole, kanywe maji halafu urudi, kuna kazi moja imebaki.

Ndani ya bahasha kuna kaseti. Nimeinasa jana kwa redio ya Mama Anastazia. Iweke kwenye redio ya kaka, msogeze mayu karibu, na wote mnyamaze. Mwanzoni kabisa nasema, "Shikamoo mayu." Halafu nimeacha kimya kirefu kidogo, maana najua mayu huwa anaweka kwanza chini alichoshika.

Mwanao,
Minza